Kwa Baiskeli Hadi Malindi

Atakaye kuijua pwani yetu na aiache matatu, apande baiskeli. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, mwendo unaofaa kugawanywa siku mbili.

Siku ya kwanza utavuka daraja la Nyali na la Mtwapa, upite mashamba ya mkonge ya Vipingo, ufike daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo watu waliingoja feri. Siku ya pili, msitu wa Arabuko-Sokoke utakuwa kushotoni, kisha magofu ya Gede. Apendaye mashambani na akate kushoto Mavueni, kabla ya daraja la Kilifi, ashike njia ya Kaloleni: huko ni minazi, na miinuko ya kumkata mtu pumzi.

Uangalie pia upepo. Kusi, uvumao toka Aprili hadi Septemba, humsukuma aendaye Malindi. Kaskazi, Desemba hadi Machi, humpiga usoni.

Lakini adui mkubwa si upepo, ni lori. Wengi wapandao baiskeli katika barabara hii hawamo matembezini. Wamebeba nazi, mitungi ya maji, au mtoto aendaye shule. Lori likipiga honi, hawana budi kushuka ukingoni, na ukingo wa lami ukiwa umeliwa, huanguka na mizigo yao.

Basi kila barabara inapopanuliwa, nao wakatiwe njia yao. Mwenye baiskeli si mgeni barabarani.