Bukari ya saa nne ya usiku na sukari ya damu

Hapa Likasi nyumba nyingi zinakula chakula kikubwa cha siku wakati wa usiku. Mama anarudi sokoni jua limezama, anawasha mbabula, makala yanachelewa kushika, na bukari inafika mezani saa tatu, mara nyingine saa nne. Baba aliye zamu ya usiku kiwandani anabeba bakuli lake, analifungua katikati ya usiku. Na karibu kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeambiwa kwenye kituo cha afya kwamba ana ugonjwa wa sukari.

Tumezoea kusema sukari inatoka kwenye chai tamu. Ni kweli kwamba kile tunachokula kina uzito. Lakini saa ya kula nayo ina uzito wake, na sababu moja inaitwa melatonini.

Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mahindi. Giza likiingia, tezi hiyo inamwaga melatonini katika damu, na mwili wote unapata habari kwamba usiku umefika. Mwanga mkali unaizuia. Daktari Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliigundua mwaka 1958 katika tezi za ng'ombe. Baadaye ilionekana kwamba utumbo nao unatengeneza melatonini, tena nyingi kuliko ile ya ubongo.

Utumboni wanaishi bakteria wengi sana. Wanatusaidia kumeng'enya chakula, na wao pia wanafuata mchana na usiku. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walionyesha kwamba bakteria mmoja wa utumbo wa binadamu anaisikia melatonini na kufuata saa yake. Mwaka 2014 watafiti wa Israeli walichukua choo cha watu wawili waliosafiri kwa ndege kutoka Marekani, wakati miili yao ilikuwa bado imechanganya usiku na mchana. Panya waliopewa bakteria hao walinenepa na sukari yao ikapanda, kuliko panya waliopewa bakteria wa watu haohao kabla ya safari. Panya si mtu, lakini inaonekana kwamba usiku ukivurugika, bakteria nao wanavurugika.

Kwa binadamu jambo liko wazi zaidi kwenye kongosho. Kongosho inatoa insulini, na insulini ndiyo inayofungulia sukari mlango itoke kwenye damu na kuingia mwilini. Melatonini ikiwa nyingi, insulini inapungua. Mtu akila bukari saa hiyo, sukari inakaa katika damu muda mrefu. Utafiti wa Hispania uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha hivyo: baada ya mlo wa karibu na saa ya kulala, sukari ilikuwa juu kuliko baada ya mlo wa mapema.

Tena kuna habari njema kwa familia za wafanyakazi wa zamu. Mwaka 2021, huko Boston, watu 19 waliwekwa katika ratiba ya kazi ya usiku. Waliokula usiku na mchana, sukari yao ilipanda. Waliokula mchana tu, ingawa walikesha vilevile, haikupanda hivyo.

Basi tufanye nini nyumbani?

Tuchemshe maharagwe au sombe mchana, ili jioni ibaki kusonga bukari tu. Tujitahidi kumaliza kula saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Anayekwenda zamu ya usiku ale vizuri kabla ya kutoka. Kazini abebe kitu kidogo na maji ya kutosha. Bakuli kubwa lisiwe la katikati ya usiku.

Baada ya kula tupunguze mwanga, na telefoni isilale mtoni pamoja na mtoto. Tuwalishe bakteria wetu pia: sombe, lengalenga na maharagwe vina nyuzinyuzi wanazozipenda.

Anayekunywa dawa za sukari au kudungwa insulini asibadilishe saa zake za kula kabla ya kumuuliza muuguzi au daktari wake. Sukari yake inaweza kushuka ghafula, na hiyo ni hatari.

Tunajua atakayesema: "Mimi natoka sokoni saa moja, nitapika saa ngapi?" Ndiyo maana kazi hii isiachwe kwa mama peke yake. Mtoto mkubwa, awe msichana au mvulana, anaweza kuwasha mbabula na kuteleka maji kabla mama hajafika. Na baba aliye nyumbani mchana anaweza kuangalia maharagwe yasiungue. Hilo haligharimu hata franka moja.