Kizuri hakijiuzi kisipofika dukani

Wahenga walisema kizuri chajiuza. "#1 Record", albamu ya kwanza ya bendi ya Big Star, ilikuwa nzuri lakini haikuuzika. Ilipotoka mwaka 1972 haikufikisha hata nakala 10,000. Wanamuziki walitimiza kazi yao, na wasikilizaji hawakuikataa. Santuri zenyewe ndizo zilizokosekana madukani.

Big Star ilizaliwa Memphis, Marekani, ikachukua jina la supamaketi iliyokuwa karibu na studio ya Ardent, walikorekodia. Mmoja wa waimbaji wake, Alex Chilton, alikuwa na jina tayari: mwaka 1967, akiwa na miaka 16, aliimba "The Letter" na kundi la The Box Tops, kibao kikashika namba moja Marekani. Mwenzake, Chris Bell, alikuwa fundi wa gitaa na wa kupanga sauti. Sikiliza "Thirteen": hakuna ngoma, ni magitaa makavu tu na sauti laini zikieleza penzi la watoto wa shule. Wimbo hauzidi dakika tatu, na hauna neno la ziada.

Santuri za lebo ya Ardent zilisambazwa na Stax, kampuni iliyomtoa Otis Redding. Muziki wa soul Stax ilijua kuuuza. Hawa vijana wa magitaa ilishindwa kuwafikisha sokoni. Redio zikawa zinapiga nyimbo zao, msikilizaji akienda dukani anaambulia patupu. Kisha Stax ikamwaga wino na Columbia, kampuni kubwa. Badala ya nafuu, mambo yakazidi kuharibika: Columbia iliwaweka kando wasambazaji wa zamani wa Stax, na hata nakala chache zilizokuwa madukani zikaondolewa. Bell alivunjika moyo, akajitoa kabla mwaka haujaisha.

Waliobaki walirekodi "Radio City", ikatoka mwaka 1974. Wahakiki waliisifu. Lakini Clive Davis, kigogo wa Columbia aliyeuasisi mkataba ule, alikuwa ameshafukuzwa kazi, na Stax na Columbia zilikuwa zikivutana. Ziliuzwa nakala kama 20,000 tu. Mwishoni mwa 1975 Stax ikafilisika. Bell alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1978, akiwa na miaka 27.

Sifa zilikuja baadaye, kupitia wanamuziki waliozitafuta santuri hizo kwa udi na uvumba. R.E.M. waliikiri Big Star kuwa miongoni mwa walimu wao, na The Replacements wakatunga wimbo wenye jina la Chilton. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone liliziweka albamu hizo mbili na nyingine moja ya bendi hiyo katika orodha yake ya albamu 500 bora.

Kwa hiyo tusipime kazi ya msanii kwa mauzo peke yake. Kabla ya kusema watu waliikataa albamu, tuulize kwanza kama iliwafikia.