Utangulizi: Samaki Mgeni Katika Tangi

Ukiishi Ngara hauko mbali na elimu ya samaki wa mapambo. Karibu na maporomoko ya Rusumo, mto Ruvubu unaungana na Kagera, na maji hayo huishia Ziwa Victoria, makao ya furu: samaki wadogo wa mamia ya spishi, madume wakiwa na rangi za kung'aa, majike wakiatamia mayai mdomoni. Miaka ya 1950 sangara, samaki mkubwa mla samaki wenzake, alipandikizwa ziwani humo. Kwa muda mrefu hakuonekana tishio. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa Mwanza wakaona furu wakipungua kwenye nyavu zao, spishi nyingi zikipotea kabisa. Sangara hakuwa sababu pekee, lakini alikuwa sababu kubwa. Baadhi ya furu walioadimika ziwani wamehifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani.

Kwa hiyo swali la kwanza la somo hili ni moja, liwe la ziwa au la tangi la sebuleni: anayeingia atawafanyia nini waliomo?

Kabla ya samaki, andaa maji. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye mawe na kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji takribani wiki 4 hadi 6 kujijenga. Wanaoanza wengi hupoteza samaki hapa, maji yakiwa maangavu kabisa machoni. Tena, usiku wa milima ya Ngara ni wa baridi, na samaki wengi wa kitropiki wanataka nyuzi 24 hadi 27; hita inahitajika.

Samaki mgeni akae peke yake katika chombo kingine kwa wiki 2 hadi 4, na wavu wake usiguse tangi kubwa. Mchunguze kila siku. Akijisugua kwenye mawe, kisha vikatokea vidoa vyeupe mapezini mithili ya punje za chumvi, ana kimelea ambacho kingeenea kwa wenzake wote ndani ya siku chache. Siku ya kumhamisha, mtie katika mfuko wenye maji ya chombo chake, uuache uelee juu ya maji ya tangi robo saa ili joto lilingane, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mtoe kwa wavu mdogo. Maji ya mfuko yamwage nje.

Na ukichoka kufuga, mpe jirani au mfugaji mwenzako samaki wako. Tafadhali usimwachie katika mto Ruvubu wala Kagera.