Kikao cha ukoo hakimpi mtu mamlaka ya kushitaki kwa niaba ya marehemu

MTOTO wa kwanza wa marehemu anafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo uliotiwa saini na ndugu wote. Anamdai mtu aliyevamia kiwanja cha baba yake.

Kabla hajaeleza habari za mipaka, wakili wa upande wa pili anaweka pingamizi kwamba mdai hana mamlaka kisheria. Shauri linaondolewa, na mvamizi anabaki ndani ya kiwanja.

Mfano huo unaonyesha jinsi familia nyingi zinavyochanganya mambo mawili: kupendekezwa na kuteuliwa.

Kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, msimamizi huyo ndiye mwenye uwezo wa kudai haki na madeni ya marehemu kama ambavyo marehemu angefanya enzi za uhai wake.

Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ambayo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, naye anaweza kufungua au kujibu mashauri kwa niaba ya mirathi.

Hata hivyo, uteuzi pekee hautoshi. Hati ya madai lazima ionyeshe kwamba mhusika anashitaki au anashitakiwa kama msimamizi wa mirathi ya marehemu, si kwa nafsi yake. Katika shauri la marejeo ya madai namba 6 la mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilibatilisha mwenendo wa kesi kwa sababu msimamizi alikuwa ameshitakiwa kwa jina lake binafsi.

Aidha, kesi iliyofunguliwa dhidi ya mtu aliyekwisha kufariki ni batili tangu mwanzo.

Iwapo mdai au mdaiwa atafariki kesi ikiendelea, kesi haifi naye ikiwa haki inayodaiwa bado ipo. Mwakilishi wake kisheria anapaswa kuunganishwa ndani ya siku 90. Muda huo ukipita bila maombi, kesi hukoma, na kuifufua kunahitaji sababu za kutosha.

Yapo madai yanayozikwa na mwenyewe. Mfano ni kashfa: aliyechafuliwa jina akifariki, msimamizi wake hawezi kuendelea kudai fidia.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba muda haungojei familia ikubaliane. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya kurejesha ardhi yana kikomo cha miaka 12. Ikiwa marehemu alikuwa akiimiliki ardhi hiyo hadi mauti yalipomfika, miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku msimamizi alipoteuliwa.

Kwa hiyo, ndugu wanaovutana miaka 13 juu ya nani asimamie mirathi wanaweza kumpata msimamizi halali, mwenye hati zote mkononi, lakini wakakuta haki ya kudai kiwanja chenyewe imekwisha kupotea.