Saiklopsi hujivua gamba mara 11

Saiklopsi ni mnyama wa ukoo mmoja na kamba na kaa, mwenye urefu wa milimita moja hivi, anayeishi kwenye madimbwi, mabwawa na visima. Maji ya kisima kifupi cha Tandale, Dar es Salaam, yakitiwa kwenye glasi na kuelekezwa kwenye mwanga, huenda zikaonekana nukta nyeupe zikirukaruka: ndio hao. Jike mwenye mayai hubeba vifuko viwili, kimoja kila upande wa mkia, kama muuza maji na madumu yake.

Mayai yakianguliwa hatoki saiklopsi mdogo. Hutoka naupliasi, kitoto cha mviringo chenye jicho moja na jozi tatu tu za viungo. Gamba lake halikui, kwa hiyo akitaka kuongezeka hana budi kulivua. Chini ya gamba kuukuu hutanda jipya, bado laini. La zamani hupasuka, mnyama huchomoka, na mwili hufura kwa maji kabla gamba jipya halijakauka. Katika siasa za Tanzania msemo wa kujivua gamba ulivuma mwaka 2011. Huku majini si tamathali.

Naupliasi hupitia hatua sita. Akivua gamba la sita, umbo hubadilika ghafla: mwili hurefuka, mkia hujitokeza, na sasa huitwa kopepodidi. Hatua za kopepodidi nazo ni sita, pingili na miguu ya kuogelea ikiongezeka njiani, na ya sita ndiyo utu uzima. Hapo kujivua hukoma, baada ya mara 11. Dafnia, jirani yake wa bwawani, huanguliwa akiwa na umbo la mkubwa na huendelea kujivua hadi kufa. Uduvi wa Ziwa Victoria naye hujivua hata akishakomaa.

Hatua hizi zina maana kwa vita dhidi ya mbu. Nchini Vietnam, kuanzia miaka ya 1990, saiklopsi wa jenasi ya Mesocyclops walitiwa kwenye matangi ya maji ya nyumbani ili wale viluwiluwi wa mbu, na mbu aina ya Aedes aegypti, aenezaye dengi, akatoweka katika vijiji vingi. Ni ugonjwa uleule uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Lakini mwindaji ni saiklopsi mkubwa, tena humkamata kiluwiluwi aliyeanguliwa karibuni. Kiluwiluwi akishakua humshinda nguvu. Naupliasi hula mwani. Tangi lenye naupliasi watupu halipunguzi mbu hata mmoja mpaka wakue.