Rangi ya Zambarau Iliyoiva Ukutani

Wasomaji wetu wengi wamezoea kuta nyeupe, nao hudhani ya kuwa rangi nzito hailetei nyumba ila giza. Sisi hatuoni hivyo. Iko rangi moja tupendayo kuisifu, nayo ni majenta iliyopozwa, mfano wa maji ya rozela yaliyochemshwa sana. Jina lake latokana na mji wa Magenta katika Italia, palipopiganwa vita mwezi wa Juni 1859. Rangi mpya ya nguo iliyotengenezwa Ufaransa wakati ule ilipewa jina la mji huo. Ile ilikuwa kali mno. Hii ya ukutani hutiwa kijani kidogo au nyeusi, hata isichome macho.

Tabia yake ni kugeuka kwa mwanga. Mchana wa mawingu huelekea zambarau. Usiku, chini ya taa ya mwanga wa manjano, huwa nyekundu yenye ukahawia. Basi usiichague kwa kikaratasi cha dukani. Paka ubao mpana mara mbili, uusimamishe ukutani siku tatu, uutazame asubuhi, adhuhuri na usiku. Fundi atanung'unika; mwache anung'unike, fedha ni zako.

Tena rangi hii humeza mwanga. Chumba ambamo watoto husomea kitoshe kwa ukuta mmoja tu, na dari ibaki nyeupe. Lakini chumba cha kulia chakula, kinachotumiwa zaidi jioni, twaona chafaa kupakwa kuta zote: meza ya mninga na mkeka wa ukili hupendeza sana mbele yake. Plasta mpya ya saruji ingojewe kadiri ya mwezi mmoja, kwani ukali wake huharibu rangi. Kwanza pakeni rangi ya msingi ya kijivu, isije ikawalazimu kurudia mara nne.

Walakini liko jambo tulihofialo kuliko giza, nalo ni rangi ya kale iliyo chini. Zamani rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilizikataza majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine nyingi zilichelewa zaidi. Vumbi lake, hata likiwa kidogo, hudhuru ubongo wa mtoto, wala dalili hazionekani upesi. Kwa hiyo rangi ya kale ikiwa imeshika imara, msiikwangue. Osheni ukuta, mpake juu yake. Ikiwa yabanduka, iloweshwe maji kabla ya kukwanguliwa, wala isisuguliwe kavu kwa msasa. Watoto na mama wajawazito walale kwa jamaa mpaka kazi iishe na sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi. Dukani nako ulizeni rangi isiyo na risasi, mkasome maandishi ya kopo wenyewe. Magamba yaliyokwanguliwa yafungwe katika mfuko, na maji ya kuoshea yasimwagwe penye mboga wala karibu na kisima.