Transfoma Ikiungua Katika Amplifaya ya Bendi: Tafuta Kwanza Kilichoiunguza



Bendi za wafanyakazi ni mali yetu ya siku nyingi. Nchini Tanzania chama cha wafanyakazi cha NUTA kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA na baadaye OTTU, bendi nayo ilibadili jina, na leo wapenzi wa dansi wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Katika viwanda na mashamba ya nchi zetu jirani pia wapo wenzetu ambao, baada ya zamu, hushika gitaa na ngoma ili kusherehekea Mei Mosi au kumuaga mzee anayestaafu.

Vyombo vya bendi kama hizo mara nyingi ni vikuukuu. Amplifaya ya gitaa yenye valvu huweza kuwa na umri kuliko mpigaji wake. Inapiga vizuri miaka na miaka, kisha siku moja fyuzi inakatika. Inawekwa nyingine, inakatika. Ya tatu anatokea mwerevu mmoja, anafunga kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Muziki unarudi kwa dakika chache, halafu moshi. Hapo bendi inaambiwa, "Transfoma imekufa, nunueni nyingine." Katika makala hii twapenda kueleza jinsi ya kubadilisha transfoma hiyo, na kwa nini kununua nyingine peke yake hakutoshi.

Tumechukua mfano wa amplifaya inayojulikana sana, Fender Deluxe Reverb, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963 huko Fullerton, jimbo la California, Marekani. Nguvu yake ni kama wati 22. Ina valvu mbili za 6V6 za kusukuma spika, na valvu moja ya GZ34 ya kugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe umeme wa upande mmoja. Transfoma zake nyingi za wakati ule zilitengenezwa na kampuni ya Schumacher ya Chicago, na huonekana kwa nambari 606 iliyopigwa juu ya chuma. Tarakimu inayofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Hivyo 606523 ni wiki ya 23 ya mwaka 1965, au 1975, kwa kuwa mwaka umeandikwa kwa tarakimu moja tu.

KAZI YA TRANSFOMA

Transfoma ya umeme ina waya uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma. Upande mmoja unapokea umeme wa ukutani. Upande wa pili una mizunguko mitatu. Wa kwanza hutoa volti 6.3 za kupasha moto valvu. Wa pili hutoa volti 5 kwa ajili ya GZ34. Wa tatu hutoa umeme mkali, volti 330 kila upande wa waya wa kati. Umeme huo ukishageuzwa na kuhifadhiwa katika kapasita hufikia kama volti 415. Msomaji akumbuke nambari hiyo, maana umeme wa nyumbani unaoua watu hauzidi volti 240.

HAIUNGUI BURE

Transfoma ni chuma na shaba. Haina kitu kinachozunguka wala kusagika. Ikiungua, aghalabu ni kwamba imelazimishwa kubeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Sababu za kawaida ni nne:

1. Valvu ya GZ34 imeshikana ndani, ikawa kama waya mtupu.

2. Kapasita za umeme mkali zimezeeka. Kapasita za miaka ya 1960 hukauka ndani, zikavujisha umeme au zikashikana kabisa.

3. Valvu ya 6V6 imeharibika na kuvuta umeme bila kipimo.

4. Amplifaya ya Marekani, iliyopangwa kwa volti 117, imechomekwa katika soketi ya volti 220 au 240 kama zilivyo za nchi zetu.

Katika hali zote hizo, fyuzi ndiyo ingepaswa kukatika kwanza ili transfoma ipone. Kwa hiyo transfoma ikikutwa imeungua na fyuzi ni nzima, au mahali pa fyuzi pana waya, tumejua tayari nusu ya habari. Kumfungia mtu huyo transfoma mpya bila kutafuta chanzo ni kumnunulia moshi mwingine.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Kwanza kabisa, chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona. Hata hivyo hatari bado ipo, kwa sababu kapasita huweza kutunza umeme mkali baada ya plagi kutolewa. Chukua rezista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, iliyofunikwa vizuri. Unganisha ncha moja na boksi la chuma, na nyingine na upande chanya wa kapasita. Subiri dakika moja, kisha pima kwa mita. Usiguse kitu mpaka mita isome karibu na sifuri. Mafundi wa zamani huweka mkono mmoja mfukoni wanapopima umeme mkali, ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani. Asiyewahi kufanya kazi hii asiifanye peke yake.

Sasa tengeneza balbu ya majaribio. Ni balbu ya wati 100 iliyofungwa katika njia ya waya wa moto, hivi kwamba umeme wote wa amplifaya unapitia kwake. Lazima iwe balbu ya zamani ya uzi wa moto. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Amplifaya ikivuta umeme mwingi mno, balbu itawaka kwa nguvu na kuuzuia.

Toa valvu zote, ukiandika kila moja ilikaa wapi. Washa kupitia balbu. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, transfoma huenda ni nzima, na kosa lipo katika valvu au kapasita. Ikiwaka kwa mwanga mkali, zima, chomoa, ondoa umeme wa kapasita tena, kisha fungua nyaya zote za upande wa pili wa transfoma na kufunika kila ncha peke yake. Washa tena. Balbu ikiendelea kuwaka sana huku transfoma haina mzigo wowote, mizunguko imeshikana ndani. Transfoma imekufa. Harufu ya vanishi iliyoungua huwa shahidi wa pili.

KUCHAGUA TRANSFOMA MPYA

Transfoma mpya lazima ilingane na ya zamani kwa volti za kila mzunguko na kwa uwezo wa ampea. Kubwa zaidi kwa volti si bora zaidi, maana itaunguza valvu na kapasita. Upande wa ukutani, tafuta yenye volti 230 au 240 na mzunguko wa hezi 50. Jambo hili la hezi lina uzito wake. Umeme wa Marekani ni hezi 60, na transfoma iliyopangwa kwa hezi 60 tu hupata joto zaidi kwenye hezi 50, hata kama volti zimeshushwa sawasawa.

Kabla ya kukata waya wowote, chora mchoro. Kwa kawaida katika Fender nyaya nyekundu ni za umeme mkali, nyekundu yenye mstari wa njano ni ya kati, za njano ni za GZ34, za kijani ni za kupasha valvu, na nyekundu yenye mstari wa buluu ni ya kurekebisha valvu za 6V6. Hata hivyo usiamini rangi peke yake, kwa kuwa mtengenezaji wa transfoma mpya anaweza kutumia rangi nyingine. Soma karatasi yake.

Badilisha kapasita kuukuu siku hiyo hiyo. Bei yao ni ndogo kuliko ya transfoma.

HESABU YA FYUZI

Hapa ndipo wengi hupotea. Deluxe Reverb ya volti 117 hutumia fyuzi ya ampea 2. Mara 117 kwa 2 ni wati 234. Ukishafunga transfoma ya volti 240, fyuzi ile ile ya ampea 2 itaruhusu wati 480 kabla ya kukatika, yaani karibu mara mbili. Mlinzi amelala. Volti zikizidi mara mbili, ampea zinapungua kwa nusu. Kwa hiyo fyuzi mpya iwe ya ampea 1, ya aina inayochelewa kidogo kukatika. Bandika karatasi mpya juu ya maandishi ya zamani, maana atakayekuja kesho atasoma kilichoandikwa.

WAYA WA ARDHI

Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ile zilitoka kiwandani na waya wa plagi wenye nyuzi mbili tu, bila waya wa ardhi, ambao mafundi wetu huuita athi. Badala yake kulikuwa na kapasita ndogo kati ya umeme wa ukutani na boksi la chuma. Wenzetu wa Marekani wameipa jina la kapasita ya kifo. Ikishikana, boksi zima linakuwa na umeme, na kutoka hapo umeme unafuata waya wa gitaa mpaka kwenye nyuzi anazozishika mpigaji.

Iondoe. Funga waya mpya wa nyuzi tatu. Waya wa ardhi uwe na bolti yake peke yake kwenye boksi, iliyokazwa juu ya chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya wa moto upite kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi, ndipo ufike kwenye transfoma.

Tusidhani hayo ni maneno ya kutisha watoto. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Uingereza, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alishika maikrofoni isiyo na ardhi huku mkono mwingine ukiwa kwenye gitaa. Alikufa jukwaani mbele ya watazamaji. Alikuwa na umri wa miaka 27.

KUWASHA MARA YA KWANZA

Washa kupitia balbu bila valvu. Pima volti za kila mzunguko. Bila mzigo zitazidi kidogo, na hilo ni la kawaida. Zima, weka valvu, washa tena kwa balbu. Mambo yakiwa shwari, ondoa balbu na usikilize kwa saa moja huku ukichunguza joto la transfoma.

SOMO LA KIWANDANI

Ndugu zetu wa viwanda vya sukari, chai na nguo wanaijua hadithi hii bila gitaa. Fyuzi ya mashine inakatika mara tatu, na msimamizi anasema, "Weka waya, tumalize zamu." Waya huo huo unaounguza transfoma ya bendi ndio unaounguza mota, na mota ikiungua mfanyakazi huwa karibu nayo. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, unataka mfanyakazi anayejitenga na kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kuwa ina hatari kubwa na ya karibu alindwe asipate madhara kwa kufanya hivyo. Wajumbe wa kamati za usalama wakumbushe jambo hilo kila inapobidi.

Jambo la mwisho. Mafundi wanaofungua amplifaya za Fender za miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi hukuta ndani kipande cha utepe wa karatasi chenye jina la mfanyakazi aliyeunganisha nyaya zile, wengi wao wakiwa wanawake. Ukiukuta usiung'oe. Kando yake bandika wako, uandike: tarehe, transfoma ya volti 240, hezi 50, fyuzi ampea 1, kapasita zimebadilishwa, athi imefungwa. Bendi ipewe nakala, na fyuzi tano za akiba ziwekwe ndani ya bahasha nyuma ya spika, ili siku ya dansi pasiwe na mtu wa kutafuta waya.